Kuchora wacheza bao sebuleni: anza na ubao, nyuso baadaye

Picha yangu ya kwanza ya wacheza bao, mzee mmoja wa Mji wa Kale aliitazama kitambo kisha akaniuliza, "Mwanangu, hili bao la wapi?" Nilikuwa nimezikabilisha nyumba mbili, yale mashimo ya mraba ya wachezaji, uso kwa uso. Nikairudia yote.

Hatua ya 1: ubao. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Nyumba, lile shimo la mraba, huwa safu ya mbele, la tano kutoka kushoto kwa mchezaji mwenyewe. Wachezaji wameelekeana, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule, basi nyumba zao hupishana kwa shimo moja. Chora ubao kwa mkaa jinsi unavyouona kutoka ulipokaa. Katikati yake usiipime kwa rula: piga mistari miwili kutoka kona hadi kona, inapokatana ndipo. Gawa nusu, nusu tena, mpaka upate 8.

Kete za komwe, zile mbegu ngumu, si nyeusi. Ni kijivu kinachokwenda ukijani: nyeupe, buluu, kahawia kidogo, kisha nukta moja ya mwanga juu. Usizipange sawasawa kama maandazi kwenye sinia. Mchezo ukiwa katikati, shimo moja limejaa, la jirani tupu.

Hatua ya 2: chumba. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuezekwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Mwanga uje kutoka dirisha moja tu. Ukuta wa chokaa upande wa kivuli usiupake nyeusi. Changanya buluu na kahawia.

Hatua ya 3: watu. Hapa ndipo pa kukaa sana. Mkono unaotembeza kete hufumbwa nusu, kiganja chini, kidole gumba kikisukuma kete moja moja. Nilijaza kurasa za daftari kwa mkono huo tu. Mikono ikikaa vizuri, nyuso unaweza kuziinamisha chini ya kofia, na hakuna atakayelalamika.

Muhimu mwingine ni mtazamaji. Mchoraji Thomas Eakins wa Marekani, katika picha yake ya mwaka 1876 ya wacheza sataranji, alimsimamisha babake katikati, nyuma ya meza, akiwaangalia wawili walioinamia ubao. Kwetu mtazamaji hanyamazi. Mchore kainua kidole, kikombe cha kahawa kimesahaulika mkono wa pili.

Hatua ya 4: rangi. Giza kwanza, mwanga mwisho. Shaba ya dele la kahawa iache hadi siku ya mwisho kabisa.

Ile picha ya pili nilimpelekea mzee yule yule. Alihesabu mashimo kwa kidole, akanyamaza, kisha akauliza zamu ni ya nani.