Tengeneza kamali mwenyewe: kibao cha manahodha cha kupimia nyota

Watu wakisikia vifaa vya nyota vya zamani wanawaza astrolabu za shaba za kwenye makumbusho, ila kwenye bahari yetu hii manahodha wa Kiarabu walikua wanatumia kibao tu na kamba yenye mafundo na Kilwa wanafika. Hicho kibao ndo kamali, leoleo unakimaliza.

Hatua ya 1: Kata ubao mwembamba, kimo sm 6 kamili, upana wowote. Kimo usikikadirie, vipimo vyote vinakitegemea. Toboa katikati upitishe kamba ya pamba. Mshipi wa nailoni unavutika, achana nao.

Hatua ya 2: Mafundo. Kimo cha nyota juu ya mstari wa bahari walikua wanakipima kwa vidole, kidole kimoja ni kama digrii 1.6. Kuanzia kwenye kibao, funga sm 26.7 (vidole 8), 30.6 (7), 35.7 (6), 42.9 (5) na 53.7 (4). Fundo linakula kamba, kwahiyo funga kwanza ndo upime, halafu ulisogeze taratibu kabla hujalikaza.

Hatua ya 3: Nyota. Ile ya kaskazini huku kwetu kusini ya ikweta haionekani, imezama, ndo maana walikua wanategemea jirani zake wawili, Farkadani. Karibu na tarehe 25 mwezi wa saba, kama saa moja jioni, tazama kaskazini, utaona mbili zimekaribiana. Ya chini ndo inayong'aa zaidi na ina kaurangi ka chungwa, pima hiyo. Muda huo iko kileleni na mstari wa bahari bado unaonekana, maana giza likishaingia huna pa kuegemeza kibao labda kuwe na mbalamwezi. Nyota yenyewe kileleni haishuki haraka, ila ukichelewa nusu saa mstari wa bahari umeshapotea.

Hatua ya 4: Simama pwani inayotazama kaskazini, mfano Nungwi. Ng'ata fundo la vidole 6, nyoosha kamba mpaka ikaze, fumba jicho moja, ukingo wa chini uguse mstari wa bahari. Nyota itakua juu ya ukingo wa juu kidogo, kama upana wa mwezi mpevu. Malindi inakaa karibu na fundo la 8, Kilwa juu kidogo ya la 4. Nahodha alikua anajua kidole cha kila bandari, anashuka na pwani kwenda kusini, nyota nayo inashuka, mpaka ikae kwenye fundo la bandari anayoitaka.

Sasa, usije ukachukua namba za Ahmad bin Majid, yule nahodha wa Julfar (Ras al-Khaimah ya leo, Uarabuni) wa karne ya 15 aliyetunga shairi zima la safari ya Sofala, pwani ya Msumbiji, ukazitumia hivihivi. Mhimili wa dunia unayumba polepole, na tangu enzi zake nyota hii imepanda kama digrii 2 ukiitazama kutoka kwetu. Ukiifuata namba yake unapoitafuta Zanzibar utaipita kwa zaidi ya kilometa 200 kusini, uko karibu na Mafia unashangaa.