Kuonyesha Filamu za Kauboi Mtaani Ng'ambo, Unguja

Anza na zile alizozizalisha Mmarekani Paul Malvern chini ya kampuni ya Lone Star kati ya 1933 na 1935, mwigizaji wake mkuu John Wayne akiwa bado hajavuma, kwani nyingi hazifiki saa moja, na ukianza baada ya sala ya Isha watoto watawahi kulala. Mwarifu sheha mapema. Shuka nyeupe ifungwe kwa kamba pembe zote nne, la sivyo upepo wa kaskazi utaitunisha hata farasi waonekane wamepinda migongo. Waeleze watazamaji kwamba kwa uchache wa fedha watu walewale walitumika tena na tena: Yakima Canutt, kwa mfano, aliigiza ujambazi na pia akafanya vitendo vya hatari kwa niaba ya Wayne. Wakishajua hayo watamsaka wenyewe, na kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe. Spika isielekezwe msikitini.