Somo: Kupata nakshi mpya za batiki hapa Dodoma bila kunakili za kwenye simu

Tukipanga vitambaa vyetu mezani siku ya maonyesho, mteja hawezi kujua kipi ni cha nani. Samaki yuleyule, kobe yuleyule, ua lilelile, vyote vimetoka kwenye simu. Mtumishi wa Mji wa Serikali wa Mtumba anayetafuta zawadi ya mgeni wake anataka kitambaa kitakachosema Dodoma. Mambo ya nta na rangi tumeshayafanya, kwa hiyo leo tunatafuta chapa.

1. Chagua kitu kimoja, ukae nacho. Ukitoka "kuangalia mazingira" utarudi mikono mitupu. Chukua mbuyu. Karibu kila mtu akiuchora anaweka shina nene na vitawi juu, basi, na mchoro huo umeshajaa kwenye vikombe na fulana. Wewe sogea. Gome lina mikunjo kama goti la tembo, na pale watu walipopigilia mambo (vigingi) za kupandia, limevimba kuzunguka kila mambo. Duara hilo ni chapa tayari. Ukitaka ua, nenda jioni: ni jeupe, linaning'inia kichwa chini, linafunguka wakati popo wanaanza kuruka, na halidumu, linaanguka likiwa limeshageuka kahawia. Halafu pasua buyu uone mbegu zilivyofungwa kwa nyuzi nyekundu ndani ya unga mweupe. Tunamung'unya ubuyu tangu utotoni, lakini ni wachache waliowahi kuzichora nyuzi zile.

2. Punguza. Sponji ya godoro, ile tunayoikata iwe chapa ya kupigia nta, haishiki mstari mwembamba. Nta ikishapoa kidogo inaziba kila kitu. Kwa hiyo chora kwanza kwa penseli, kisha weka karatasi nyingine na urudie mchoro kwa kidole ulichopaka masizi ya mkaa. Kilichokataa kuchoreka kwa kidole, sponji nayo haitakiweza. Kiache. Kilichobaki, kikate kwenye sponji, kigandishe kwenye kibao.

3. Tafuta mpangilio kwa masikio. Hapa ndipo wengi tunalala: chapa nzuri, lakini imepangwa kama matofali. Sikiliza muheme, ngoma wanazopiga akina mama wa Kigogo wakiwa wamezibana mapajani. Kuna pigo zito, kuna mapigo mepesi yanayolifukuza, kuna kimya. Pigo zito lifanye chapa kubwa, mepesi yawe chapa ndogo, na kimya kiwe kitambaa kitupu. Gonga meza kwanza, ndipo uchape. Mpenzi wa zeze au ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, afanye vivyo hivyo. Ukipenda, anza na muziki wa marehemu Hukwe Zawose.

4. Rangi zichukue chini. Udongo mwekundu wa njiani, uushike mkavu, kisha uumwagie maji: umeshapata rangi mbili zinazopatana.

5. Tumia unachokipenda nje ya kazi. Msusi ana mistari ya twende kilioni. Mwenye shamba la zabibu ana vikono vinavyojisokota kwenye waya, na kwa kuwa hapa kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, haongojei sana kuviona tena. Anayependa ndege atazame mnana anavyofuma kiota kwa jani moja moja. Kwa kweli napendelea chapa za namna hii kuliko za "wanyama wa mbugani", kwa sababu mwenyewe anakijua kitu chake hadi ndani.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mbukwenyi mwalimu. Mimi kuchora sijui kabisa, hata mstari unanipinda. Nifanyeje?
Usichore, fuatisha kivuli. Alasiri, kama saa kumi hivi, tandaza karatasi chini ya mgunga au mti wowote wenye majani machache, ubane pembe kwa mawe, upitishe penseli kwenye ukingo wa kivuli. Fanya haraka maana jua halikusubiri. Mstari kupinda si tatizo, batiki inapendeza ikipinda.

Kiangazi kila kitu kimekauka, nitapata nini?
Dada, kiangazi ndiyo wakati wenyewe! Mbuyu umepukutisha majani, matawi yote yako wazi. Nenda upande wa Bahi, majaruba ya mpunga yakishakauka, uangalie nyufa za udongo wa mfinyanzi. Utaona ufa mmoja unavyokutana na mwingine. Nyufa hizo zinafaa mno kwa batiki ya kukunja nta ikavunjika, kwa sababu rangi inapenya palepale nta ilipopasuka.

Naruhusiwa kutumia picha za mapangoni Kolo, Kondoa? Wateja wazungu wanazipenda.
Michoro ile iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na baadhi ya mapango wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko. Nenda na mwongozaji, umuulize kipi kinafaa kuchukuliwa. Usiguse mwamba, na usimwagie maji ili rangi ikolee, maana maji hayohayo ndiyo yanayoharibu. Mimi ningejifunza namna ile watu walivyorefushwa miili kwa rangi nyekundu moja tu, kisha nimchore mchunga mbuzi wa leo kwa mtindo huo, kuliko kunakili mtu wa mwambani na kumuuza kwenye kitambaa cha meza.

Kupiga picha kwa simu badala ya kuchora kuna ubaya gani?
Piga, ila baada ya kuchora. Ukianza na picha unaondoka kabla hujaona, na nyumbani utajikuta unanakili simu tena. Picha inafaa kwa rangi. Hata hapo iwe ya asubuhi au jioni, kwa sababu mchana jua letu linafubaza kila kitu.