Kuziwekea Wavu Rejeta za Porsche Boxster Kabla Kokoto Hazijazitoboa

Mwenye Porsche Boxster ya kizazi cha kwanza, ile ya namba 986 iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, akichuchumaa mbele ya gari lake na kumulika tochi ndani ya matundu mawili ya pembeni ya bampa, ataona kwamba kati ya barabara na mapezi ya alumini, yaani vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa kwenye rejeta, hakuna kinga yoyote isipokuwa vibao vichache vya plastiki vilivyoachana. Injini ya gari hili iko katikati, nyuma ya viti, lakini maji yake husafiri kwa mabomba chini ya sakafu hadi mbele, ambako hupozwa katika rejeta mbili, moja mbele ya kila gurudumu. Baadhi ya magari, hasa Boxster S, yana rejeta ya tatu katikati. Porsche 911 ya namba 996, pamoja na 987 na 997 zilizofuata, zimepangwa kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo maelezo haya yanazifaa pia, ingawa vipimo vya bampa hutofautiana.

Kinachopigwa kwanza na kokoto si rejeta yenyewe bali kondensa ya AC, yaani kifaa kinachopoza gesi ya AC, ambayo imefungwa mbele ya kila rejeta ya pembeni. Mirija yake ni myembamba na gesi iliyomo ina mgandamizo mkubwa, hivyo tundu dogo kama la sindano linatosha kuimaliza gesi yote. Hata hivyo, kwa maoni yangu kokoto si adui mbaya kuliko wote. Adui mbaya zaidi ni majani makavu, nyasi, vipande vya plastiki na vishungi vya sigara ambavyo huvutwa ndani na upepo, vikaanguka katika kona ya chini na katika ule mwanya mwembamba ulio kati ya kondensa na rejeta. Huko hulowa, hushika vumbi na chumvi, na hukaa miaka bila kukauka sawasawa, huku alumini ikiliwa polepole kuanzia chini. Gari lililotumika Uingereza kisha likaagizwa huku huweza kuwasili na majani ya miti isiyoota kwetu, yaliyogandamana kama mboji, pamoja na mabaki ya chumvi inayomwagwa barabarani huko wakati wa baridi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kusafisha. Wavu ukifungwa mbele ya takataka zilizokwisha kuingia utazificha tu, na mwenye gari atakaa akiamini kuwa amejikinga. Subiri injini ipoe kabisa na uchomoe ufunguo, kwa sababu feni zilizo nyuma ya rejeta hazipaswi kuwaka mkono wako ukiwa karibu. Bampa ya 986 hutoka bila kung'oa taa kubwa: skrubu za juu huonekana ukifungua buti ya mbele, nyingine ziko chini ya mdomo wa bampa na ndani ya madigadi, na kila upande kuna moja iliyojificha nyuma ya taa ndogo ya pembeni, ambayo ni sharti ichomolewe kwanza. Wengi huisahau skrubu hiyo, huvuta bampa kwa nguvu na kupasua plastiki. Mtafute mtu wa pili wa kushika upande mmoja, mtandike blanketi chini, na mchomoe nyaya za taa kabla ya kuibeba bampa.

Bampa ikishatoka, ondoa ile njia ya plastiki inayoelekeza hewa, kisha fungua nati zinazoishika kondensa kwenye rejeta na uiinamishe mbele taratibu. Mabomba yake ya gesi yasifunguliwe wala kukunjwa. Kondensa inahitaji kusogea sentimita chache tu ili mkono au brashi ipite. Nyonya takataka kwa mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini, halafu pitisha maji ya bomba ya kawaida, ikiwezekana kutoka nyuma kuja mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulikoingilia. Mashine ya maji ya nguvu inayotumika kwenye sehemu za kuoshea magari isikaribie hapo, kwa kuwa hulaza mapezi, na pezi lililolala huziba hewa sawa na jani. Ukikuta kona ya chini ya kondensa imegeuka unga mweupe na mapezi yanapukutika kwa kuguswa, ni afadhali kuibadilisha sasa, bampa ikiwa chini, kuliko kuifunga na kuirudia kazi yote baada ya miezi michache.

Sasa uchaguzi wa wavu, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba tundu likiwa dogo zaidi kinga ni bora zaidi. Chukua wavu wa waya wenye unene wa milimita 1 na matundu ya milimita 6. Kila tundu pamoja na waya wake huchukua mraba wa milimita 7 kwa 7, yaani milimita za mraba 49, na kati ya hizo 36 ni nafasi tupu. Hewa inapata takribani asilimia 73 ya mlango. Punguza tundu hadi milimita 2 kwa waya uleule, na nafasi tupu inashuka hadi asilimia 44 tu. Zaidi ya hapo, matundu madogo huzibwa upesi na wadudu na tope, kwa hiyo hata ile asilimia uliyoanza nayo haidumu. Wavu wa mbu usitumike kabisa.

Swali linalofuata ni la haki: je, kokoto ndogo hazitapita kwenye matundu ya milimita 6? Zitapita, lakini jiwe lenye nusu ya upana wa jingine la umbo lilelile lina moja ya nane tu ya uzito wake, na pigo lake hupungua kwa kiasi hichohicho. Tunalotaka kulizuia ni lile jiwe linalorushwa na tairi la lori kwenye barabara inayotengenezwa. Anayetaka kazi iliyo tayari anaweza kununua seti ya kiwanda, kama zile za Zunsport ya Uingereza, zinazosukwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu kulingana na umbo la kila gari. Anayetaka kutengeneza mwenyewe anaweza kutumia bati la alumini lenye matundu, ambalo hukunjika kwa mkono na kukatika kwa mkasi wa bati.

Kuna jambo moja kuhusu chuma kisichoshika kutu linalopaswa kuzingatiwa na wakazi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Chuma hicho kikigusana na alumini mahali penye unyevu wa chumvi, kinacholiwa ni alumini. Wavu wa namna hiyo usiguse kondensa wala rejeta popote, na ufungwe kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, si kwa waya.

Kwa anayejitengenezea, kata kwanza kiolezo cha kadibodi, ukijaribishe ndani ya tundu la bampa mpaka kikae bila kulazimishwa, kisha ukihamishie kwenye bati huku ukiacha ukingo wa sentimita 2 kila upande wa kukunja. Vaa glovu, kwa sababu ncha za wavu uliokatwa hukata kama wembe. Kisha zipige tupa na uzikunje. Puliza rangi nyeusi isiyong'aa katika matabaka mawili mepesi. Rangi nzito huziba matundu, na hapo hesabu yetu ya asilimia inakuwa bure.

Wavu ufungwe upande wa ndani wa bampa, nyuma ya vile vibao vya plastiki, na si juu ya kondensa. Acha angalau sentimita 3 kati yake na mapezi, ili jiwe likiugonga na kuubonyeza, ubonyee kwenye nafasi tupu. Toboa vitundu vidogo kwenye kingo za plastiki zisizoonekana na upitishe kamba nyeusi, ambazo hustahimili jua kuliko nyeupe. Mimi siungi mkono kuubandika kwa gundi, kwa kuwa iko siku utataka kuutoa. Rejeta ya katikati, kama ipo, nayo ipate wavu wake.

Kabla ya kuanza kazi hii yote, uwe umeandika mahali sindano ya joto inaposimama gari likiwa kwenye foleni mchana wa jua na AC ikiwa imewashwa. Rudia kipimo hicho baada ya kufunga. Foleni ndiyo mtihani wenyewe, kwani kwenye barabara kuu mwendo wa gari husukuma hewa ya kutosha, ilhali gari likisimama hewa yote hutegemea feni, na feni haina nguvu ya kushindana na wavu uliobana. Sindano ikipanda kuliko awali, usingoje gari lichemshe. Toa wavu na utafute wenye matundu makubwa zaidi.

Baada ya hapo matunzo ni madogo. Kila unapoosha gari, pitisha brashi laini juu ya wavu, na baada ya safari ndefu ya usiku wakati wa mvua, wadudu wanapokuwa wengi, mwagia maji mapema kabla hawajakauka. Ukikuta kokoto imekwama kwenye tundu, usiisukume kwa kidole kwenda ndani. Ivute nje kwa koleo.