Jino la Mtoto Likinyamaza Ghafla, Usishangilie

Binti yangu wa miaka 5 alilia na gego siku tatu. Usiku wa tatu hakulala, wala sisi. Asubuhi akaamka anacheza. Nikapiga simu kliniki ya meno ya huku ugenini tunakoishi, mhudumu wa mapokezi akauliza: "Anaumwa sasa hivi?" Nami kwa ustaarabu nikajibu, "Hapana, hajambo kidogo." Nikapewa miadi ya baada ya wiki mbili. Kesho yake shavu lilikuwa limetuna, linang'aa, na mtoto anachemka.

Maumivu kukoma si kupona. Mara nyingi kiini cha jino kimeshakufa na usaha unajikusanya kwenye mzizi. Mchunguze: kachunusi kwenye fizi, kutafuna upande mmoja, jino linalocheza kabla ya wakati wake. Narudia, jino lililomwamsha mtoto usiku halijapona kwa sababu limenyamaza.

Uvimbe wa shavu au homa: aonwe siku hiyo hiyo. Jicho likianza kufunga, akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua, au mate yakimtoka ovyo, achana na kliniki. Kimbilia idara ya dharura ya hospitali.

Parasetamo mpe kwa uzito wake. Aspirini asipewe kabisa, wala isibandikwe kwenye fizi, inaunguza. Antibiotiki peke yake hazimalizi kazi, jino lenyewe lazima litibiwe au ling'olewe.

Nanyi mashangazi mnaotutumia ujumbe wa sauti, "jino la utoto hilo, litatoka lenyewe", tunawapenda, lakini gego la utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12, na usaha wake unaweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake.

Sasa mtego wenyewe. Kwetu ukisema "hajambo kidogo", nesi anakutazama usoni na kujua mambo si mazuri. Huku hakuna anayekusoma uso. Wanaandika ulichotamka, basi. Si roho mbaya, nadhani, ni watu waliozoea kila mtu kujisemea. Kwa hiyo usijikaze kwenye simu, na usiseme "hajambo"!

Mara ya pili nilisema: "Shavu limevimba tangu asubuhi, joto ni 38.5, hajalala, hawezi kutafuna." Mhudumu akanyamaza kidogo, nikasikia anabofya kompyuta. "Mlete saa nane," akasema.