Jinsi ya kuitumia picha ya MRI kupanga matibabu ya saratani ya puru

Majibu ya biopsi, yaani kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe, yakishathibitisha kwamba uvimbe wa puru ni saratani, swali la kwanza la familia huwa ni lini mgonjwa atafanyiwa upasuaji. Swali linalopaswa kutangulia ni iwapo picha ya MRI ya nyonga, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, imeshapigwa, kwa kuwa matibabu yakianza, yawe ya kisu, ya mionzi au ya dawa, sura ya awali ya uvimbe hubadilika na haiwezi kupatikana tena. Mwongozo huu umekusudiwa mgonjwa na ndugu anayemsindikiza kliniki, ili wakae mbele ya daktari wakijua la kuuliza.

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, takribani sentimita 15 kutoka tundu la haja kubwa kwenda juu. Kipimo cha CT (picha za eksirei zinazoonyesha mwili kwa vipande) cha kifua na tumbo hutafuta kama saratani imesambaa kwenye mapafu na ini, na kinahitajika, lakini hakitenganishi vizuri tabaka za ukuta wa puru na mafuta yanayouzunguka. Kazi hiyo ni ya MRI. Kwa uvimbe mdogo sana ulio bado kwenye tabaka za juu, ultrasound (kipimo cha mawimbi ya sauti) inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa husaidia zaidi. Ukishauriwa kurudia CT ili tu kuuangalia uvimbe wenyewe, uliza kwanza kuhusu MRI, hasa pale ambapo kila kipimo kinalipiwa kutoka mfukoni.

Siku ya kipimo, nenda na majibu ya kolonoskopi (uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera), kwa sababu umbali wa uvimbe kutoka tundu la haja kubwa humwonyesha mpiga picha mahali pa kuelekeza mashine. Mweleze kama una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, chuma chochote mwilini, au ujauzito. Mashine ina kelele nyingi na unatakiwa kutulia kwa muda mrefu, lakini haitumii mionzi. Jambo linaloamua ubora wa picha ni namna inavyokatwa: vipande viwe vyembamba, vya milimita 3 hivi, na vipite mkingamo kabisa na mhimili wa uvimbe. Anayekata muhogo kwa mshazari hupata kipande kipana kuliko muhogo wenyewe. Vivyo hivyo, picha iliyokatwa mshazari huweza kuonyesha saratani imevuka ukuta ilhali haijavuka.

Ripoti nzuri hutaja umbali wa uvimbe kutoka tundu la haja kubwa na kutoka misuli inayobana haja, kisha kina chake. T1 na T2 maana yake uvimbe ungali ndani ya ukuta wa puru. T3 umeingia kwenye mafuta. T4 umefika kwenye utando wa tumbo au viungo vya jirani kama kibofu, tezi dume au mji wa mimba. Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu, ningeuliza hili: uvimbe uko milimita ngapi kutoka utando unaoyafunika mafuta ya puru? Utando huo ndio mpaka anaoufuata mpasuaji anapoondoa puru pamoja na mafuta yake, mbinu ambayo mpasuaji Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, aliieneza kuanzia mwaka 1982. Uvimbe ukiwa milimita 1 au chini ya hapo kutoka mpaka huo, kuna hatari ya kuacha mabaki ya saratani, na mabaki hayo ndiyo huota tena ndani ya nyonga. Utafiti wa MERCURY uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba MRI inaweza kuutabiri usalama wa mpaka huo kabla ya upasuaji. Uliza pia kama saratani imeingia kwenye mishipa ya damu iliyo nje ya ukuta wa puru, kwa sababu hali hiyo huongeza uwezekano wa kusambaa. Kuhusu tezi za limfu, ukubwa peke yake hudanganya. Kingo zisizo laini na rangi isiyo sawa ndani ya tezi zina uzito pia.

Majibu hayo ndiyo yanayoelekeza njia. Uvimbe wa T1 au T2 usio na tezi zenye shaka kwa kawaida huondolewa moja kwa moja, na vivyo hivyo T3 nyingi zisizo na kina kirefu ambazo ziko mbali na mpaka. Mpaka ukiwa hatarini, au uvimbe ukiwa T4, mionzi na dawa hutangulia: ama Gy 25 (Gy, au gray, ni kipimo cha mionzi) kwa dozi 5, ama Gy 45 hadi 50.4 kwa dozi 25 hadi 28 pamoja na vidonge vya capecitabine, dawa ya saratani. Omba uamuzi ufanywe na jopo la mpasuaji, daktari wa mionzi na mtaalamu wa radiolojia (msomaji wa picha) wakiitazama picha kwa pamoja.

Mionzi ikimalizika, MRI hurudiwa baada ya wiki kadhaa, kwa vipande vya pembe ileile, na kulinganishwa na ya kwanza. Kwa hiyo omba picha zenyewe kwenye CD, kwani karatasi ya ripoti pekee haitoshi. Kovu huonekana jeusi tii, na saratani iliyobaki huwa ya kijivu. Picha ya MRI, uchunguzi wa daktari kwa kidole na kamera inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa vikikubaliana kwamba hakuna kilichosalia, wapo wanaofuatiliwa bila kupasuliwa, njia iliyopata nguvu kutokana na kazi ya mpasuaji Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazili. Binafsi ningeipendekeza kwa yule tu anayeweza kurudi kila baada ya miezi 3 au 4 katika miaka 2 ya mwanzo, kwa kuwa uvimbe mwingi unaorudi hurudi katika kipindi hicho, na ukigunduliwa mapema mara nyingi bado huweza kuondolewa kwa upasuaji. Anayeishi mbali na mashine ya MRI, au asiye na uhakika wa nauli na gharama za kipimo, amweleze daktari hali hiyo waziwazi kabla ya kuukataa upasuaji.