Jinsi ya kusoma EIS (ripoti kubwa ya athari za mazingira) ya upanuzi wa skii kwenye msitu wa umma Marekani, na kuandika maoni yatakayojibiwa

Kampuni ya skii huko Colorado, Utah au California ikitangaza kwamba inaongeza lifti za kupandisha watu mlimani na kufyeka njia mpya za kutelezea kwenye theluji, watu wengi wanadhani basi ishaisha, mlima wao watafanya wanavyotaka. Mlima sio wao. Maeneo kama 122 ya skii Marekani yako ndani ya misitu ya taifa, yaani ardhi ya umma, na kampuni inakaa pale kwa kibali tu, ambacho sheria ya 1986 inaruhusu kiende hadi miaka 40. Ikitaka kupanua, Forest Service, ambao ndo wasimamizi wa hiyo misitu, lazima waupitishe mradi kwenye ukaguzi wa mazingira chini ya sheria ya NEPA iliyosainiwa tarehe 1 Januari 1970. Humo ndani na wewe una nafasi ya kusema, ila wengi wanaichezea, wanaandika "tunapinga, uacheni mlima wetu", wanakusanya saini kibao halafu wanashangaa mradi umepita.

Hii sio kura. Hakuna anayehesabu wangapi wamekubali na wangapi wamekataa, barua elfu zinazofanana zinajibiwa kwa aya moja. Na NEPA yenyewe haina nguvu ya kuzuia mradi, inawalazimisha waangalie madhara na wayaandike kabla hawajaamua. Hili liliamuliwa kwenye kesi ya skii kabisa, kesi ya bonde la Methow jimbo la Washington, mwaka 1989. Kampuni ilitaka kujenga rizoti mlima wa Sandy Butte, Forest Service wakasema kulungu wa bondeni watapungua kwa asilimia 15, idara ya wanyamapori ya jimbo ikasema asilimia 50, watu wakaenda mahakamani wakidai lazima kuwe na mpango kamili wa kupunguza madhara. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hapana, sheria inakataza serikali kuamua kwa kutojua, haikatazi kuamua vibaya. Lakini rizoti ile haikujengwa mpaka leo. Ukichelewesha mradi kwa hoja za maana, mambo mengine yanaweza kubadilika njiani, hela, wawekezaji, siasa.

Kwa hiyo kazi yako ni kuweka kwenye faili kitu ambacho hawawezi kukipita bila kukijibu.

Anza mapema kuliko unavyodhani. Kila msitu wa taifa una orodha ya miradi inayokuja, inaitwa SOPA, inatoka kila baada ya miezi mitatu, ipo mtandaoni bure. Pia kampuni huwa ina mpango mkuu wa maendeleo wa miaka mingi, na hapa watu wanachanganyikiwa sana: Forest Service wakisema "tumeupokea" huo mpango haimaanishi wameuidhinisha, kila kipande kinahitaji ukaguzi wake. Utafute uusome, maana ndo unakuonyesha kwamba lifti ya leo imewekwa pale iliyo ili kesho ifungue bonde la nyuma.

Halafu jua ni ukaguzi wa aina gani. Kuna msamaha kwa vitu vidogo, kama kubadilisha lifti ya zamani pale pale ilipokuwa, kuna EA ambayo ni ripoti fupi, na kuna EIS ambayo ndo kubwa. Ukiona bonde zima jipya linapitishwa kwa EA hiyo tayari ni hoja, iandike.

Tahadhari kuhusu tarehe. Kwa miaka mingi rasimu ya EIS ilikuwa inapewa siku 45 za maoni na EA siku 30, na miongozo mingi ya zamani bado inasema hivyo. Mwaka 2025 kanuni za pamoja za serikali za kutekeleza NEPA zilifutwa na wizara ya kilimo, ambayo ndo bosi wa Forest Service, ikatoa zake mpya mwezi wa saba, kwa hiyo usitegemee ulichokisoma zamani, soma tangazo la mradi wako mstari kwa mstari: siku ngapi, zinahesabiwa kuanzia lini, yanatumwa wapi. Dedilaini ikipita imepita.

Sasa ripoti yenyewe. Usianze ukurasa wa kwanza ukasoma kwenda mbele, utalala. Sheria ya 2023 imeweka kikomo cha kurasa 150 kwa EIS, 300 kama mradi ni mgumu sana, ila viambatisho havihesabiwi, ndo maana siku hizi nyama yote iko kwenye viambatisho. Anza na sehemu ya lengo na uhitaji. Ikiwa wameandika lengo ni "kuongeza ekari za njia za kiwango cha kati upande wa mashariki" basi jibu limeshaandikwa kabla ya swali, hakuna mbadala mwingine utakaofaa zaidi ya ule wa kampuni. Lisemee hilo waziwazi. Kisha nenda kwenye jedwali la kulinganisha mbadala, lazima kuwe na ule wa kutofanya kitu. Mara nyingi unakuta mbadala wa pili ni ule ule wa kampuni umepunguzwa njia moja, basi. Ujue pia kwamba ripoti nyingi zinaandikwa na konsaltanti anayelipwa na kampuni ya skii, Forest Service wanasimamia. Ni halali na sio siri, ila inakufundisha kuangalia namba kwa jicho la pili.

Na namba ya kuangalia kwanza ni maji. Mashine za kutengeneza theluji zinakula maji mengi, na kwenye ripoti yatapimwa kwa futi-ekari, moja ni kama lita milioni 1.2. Unakuta sentensi imekaa vizuri kabisa: mradi utachukua asilimia ndogo tu ya maji ya kijito kwa mwaka. Sawa, kwa mwaka. Lakini mito ya milimani kule inapata maji yake mengi mwezi wa tano na wa sita theluji inapoyeyuka, wakati mashine zinafanya kazi kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa kwanza, kijito kikiwa chembamba kuliko wakati wote na mayai ya samaki aina ya trauti wanaotaga vuli yako chini ya changarawe. Asilimia mbili ya mwaka inaweza kuwa sehemu kubwa ya Desemba. Kwa hiyo tafuta kwenye kiambatisho cha maji jedwali la mwezi kwa mwezi. Kama halipo, umepata hoja. Kama lipo, chukua mwezi wenye maji kidogo kabisa ugawanye wewe mwenyewe, kikokotoo cha simu kinatosha. Halafu pendekeza kitu: bwawa lijazwe mwezi wa sita maji yakiwa mengi, au pampu izimwe kijito kikishuka chini ya kiwango fulani. Mbadala unaotekelezeka unawapa kazi zaidi kuliko malalamiko kumi.

Angalia na maji yanatoka wapi. Arizona Snowbowl, kwenye milima ya San Francisco Peaks ambayo Wanavajo, Wahopi na makabila mengine wanaiona mitakatifu, walipitishiwa kutengeneza theluji kwa majitaka yaliyosafishwa kutoka mji wa Flagstaff. Makabila yalienda mpaka mahakama ya rufaa, yakashindwa 2008. Kama mradi wako unagusa sehemu ya namna hiyo kuna mashauriano na makabila ambayo ni ya lazima kisheria, uliza yamefanyika lini na yalibadilisha nini.

Wanyama na miti nitapita haraka. Linksi, yule paka mwitu wa theluji, yuko kwenye orodha ya walio hatarini tangu 2000, wolverini, mla nyama wa milima ya baridi, tangu 2023, na msonobari wa gome jeupe, ambao unaota juu kule kule wanakotaka lifti, tangu mwisho wa 2022. Mmoja wao akiwepo, Forest Service lazima waongee na idara ya samaki na wanyamapori, na karatasi ya hayo mazungumzo unaweza kuiomba. Kwenye miti angalia kama ekari walizohesabu ni za njia tu au wameweka na barabara za ujenzi, mitaro ya mabomba na maegesho.

Kuandika sasa. Maoni mabaya: "Mradi huu utaharibu maji na wanyama, tafadhali msiuruhusu." Hayo yatajibiwa "asante, tumezingatia". Maoni mazuri, kwa mfano wa kubuni: "Ukurasa wa 84 mnasema uchukuaji maji hautaathiri samaki, mkitumia wastani wa mwaka. Jedwali la kiambatisho C linaonyesha Januari kijito kinabaki na theluthi moja ya wastani huo. Naomba uchambuzi ufanywe kwa miezi ya Novemba hadi Februari, na mbadala wa kujaza bwawa mwezi Juni uchunguzwe." Ukurasa, tatizo, ombi. Hoja moja kila aya, usizichanganye, maana wanaozisoma wanazikata vipande vipande na kuzipanga kwa mada.

Andika pia wewe pale mahali unapatumiaje, unatembea, unavua, unapiga picha, unaishi chini ya kile kijito. Sio mapambo. Mwaka 1972 Sierra Club, shirika la kutetea mazingira, walishindwa Mahakama Kuu kwenye kesi ya Mineral King, ambako Disney walitaka kujenga rizoti ya skii California, kwa sababu hawakuonyesha kwamba mwanachama wao yeyote anaumia. Bonde lile liliokolewa baadaye na Bunge, likaingizwa hifadhi ya Sequoia 1978.

Na usipoteze kurasa kwa mambo ya mbali sana. Mei 2025 Mahakama Kuu, kwenye kesi ya reli ya Utah iliyopingwa na Eagle County (kaunti ya Colorado, ndo huko huko ilipo Vail, rizoti kubwa ya skii), ilisema mashirika hayalazimiki kuchambua madhara ya miradi mingine iliyo mbali kwa wakati au mahali. Bei za nyumba bondeni ziandike kama zinakugusa, ila nguvu iweke kwenye kinachotokea mlimani.

Ukituma, kumbuka jina na anwani yako vinaingia kwenye rekodi ya umma, mtu yeyote anaweza kuviona, kwa hiyo kama una sababu ya kuogopa hilo lifikirie kabla. Hifadhi uthibitisho wa kutuma. Utauhitaji, kwa sababu Forest Service wakitoa rasimu ya uamuzi kunakuwa na kipindi cha pingamizi, na anayeruhusiwa kupinga ni yule tu aliyetoa maoni maalumu kwa maandishi kabla, tena kwa hoja zile zile alizozitaja, isipokuwa kuna taarifa mpya iliyojitokeza baada ya hapo. Kwenye pingamizi onyesha maoni yako ya mwanzo yako wapi, wao walijibu nini, na jibu limekosa nini, kisha omba kikao na afisa anayelipitia, hapo ndo mara nyingine wanakubali kuongeza sharti kama lile la pampu.